Nadhiri na Wakfu: Kupambanua Wito wa Ubikira katika Kanisa Katoliki

Utangulizi

Waswahili husema kwamba chanda chema huvikwa pete. Aghalabu methali hii hutumiwa kumsifu mtu ambaye mwenendo wake mwema umemletea tuzo au heshima. Hata hivyo, mtu akiichunguza kwa makini atabaini kwamba kitenzi chake kimo katika kauli ya kutendwa. Chanda hakijivishi pete; huvikwa. Tofauti hiyo ndogo ya kisarufi inagusa kiini cha makala haya.

Katika Kanisa Katoliki wamo wanawake ambao huvikwa pete na askofu mbele ya waumini, kisha hurejea majumbani mwao na kesho yake huamkia kazini kama kawaida. Hawahamii katika nyumba ya watawa. Hawavai sare ya shirika lolote. Hawana mama mkuu wa kuwahamisha kutoka kituo kimoja hadi kingine. Huitwa mabikira waliowekwa wakfu, na kundi lao hujulikana kwa Kilatini kama Ordo Virginum, yaani Kundi la Mabikira.

Wito huu haufahamiki sana hata miongoni mwa Wakatoliki wenyewe. Wengi huuchanganya na utawa, na wengine hudhani ni kimbilio la mwanamke aliyekosa mume. Mkanganyiko huo una gharama. Msichana anayehisi kuitwa katika maisha haya huenda akaingia shirika la watawa lisilomfaa kwa kuwa hajui njia nyingine. Huenda pia akajifunga maisha yake yote katika hali ambayo hakuipima sawasawa. Makala haya yanakusudia kueleza wito huu ni upi, ulitoka wapi na hupambanuliwa vipi. Hoja kuu ni kwamba maneno mawili ya Kiswahili, nadhiri na wakfu, tayari yana tofauti ambayo anayeupambanua wito huu hana budi kuielewa.

Bikira, Nadhiri na Wakfu

Neno bikira limetoholewa kutoka Kiarabu. Sambamba nalo Kiswahili kina neno mwali, au mwanamwali, ambalo maana yake haiko sawa kabisa na ya bikira. Bikira huelekeza fikra kwenye hali ya mwili. Mwali huelekeza fikra kwenye hatua ya maisha: ni msichana aliyevunja ungo, ambaye kwa desturi za pwani huwekwa ndani akafundwa na somo au kungwi kabla ya kukabidhiwa maisha mapya. Katika tafsiri ya Biblia iitwayo Union Version, wale kumi wa Injili ya Mathayo sura ya 25 huitwa wanawali. Neno hilo linaafiki, kwani uzito wa mfano ule umo katika kumngoja bwana arusi taa zikiwa zinawaka. Wito unaojadiliwa hapa unahitaji maana zote mbili, ile ya bikira na ile ya mwali.

Nadhiri ni ahadi ambayo mtu humwekea Mungu. Anayeiweka ndiye mtendaji: yeye huahidi, na yeye hudaiwa. Mtawa huweka nadhiri za ufukara, useja na utii, na kwa nadhiri hizo huwa mmoja wa jumuiya yenye katiba na wakubwa wake. Mfano unaojulikana vyema Afrika Mashariki na Kati ni Mwenye Heri Anuarite Nengapeta wa Kongo. Aliuawa mjini Isiro tarehe 1 Desemba 1964 alipokataa kuuvunja useja wake, na Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri jijini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Kanisa humheshimu kama bikira na mfiadini. Hata hivyo, Anuarite alikuwa mtawa wa shirika la Jamaa Takatifu na aliishi kwa nadhiri. Hivyo basi, ingawa aliutunza ubikira hadi kufa, yeye hakuwa wa Ordo Virginum.

Wakfu ni neno la namna nyingine. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kusimama au kusimamisha, na liliingia katika maisha ya Waswahili kupitia sheria ya Kiislamu. Shamba, kisima au nyumba ikishawekwa wakfu, mzunguko wake sokoni husimamishwa. Haiuzwi, hairithiwi, wala haitolewi zawadi. Manufaa yake huwaendea wale waliokusudiwa, kama vile msikiti, maskini au wasafiri. Wakristo wanaotumia Kiswahili walilipokea neno hilo, nao husema kwamba kanisa jipya au altare huwekwa wakfu. Katika matumizi yote mawili, kitu hakijiweki wakfu chenyewe.

Tofauti hiyo ndiyo inayolibainisha Kundi la Mabikira. Katika ibada yake bikira haweki nadhiri tatu kama mtawa. Yeye hutamka azimio la kudumu katika ubikira, kisha askofu humwombea sala ndefu ya kumweka wakfu, na kwa mujibu wa imani ya Kikatoliki ni Mungu mwenyewe ambaye humpokea na kumtenga kupitia sala hiyo. Isidhaniwe kwamba watawa hawawekwi wakfu. Kanisa hufundisha kwamba nao huwekwa wakfu kwa njia ya nadhiri zao. Linalotofautiana ni mahali ulipo uzito. Isidhaniwe pia kwamba mwanamke hufanywa mali. Shamba haliulizwi kama linaridhia, ilhali bikira huulizwa hadharani, na bila ridhaa yake hakuna kinachofanyika.

Chimbuko na Historia

Wapo wanaodai kwamba ubikira wa namna hii ni jambo la kigeni lililoletwa na Wazungu pamoja na shule na hospitali za misheni. Historia haiungi mkono dai hilo. Mtume Paulo aliujadili ubikira katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7, kabla ya kuwapo nyumba yoyote ya watawa. Karne zilizofuata, baadhi ya ushahidi muhimu kuhusu mabikira walioishi makwao unatoka Afrika. Katikati ya karne ya 3, Sipriani, Askofu wa Karthago katika nchi ambayo leo ni Tunisia, aliwaandikia mabikira wa Kanisa lake kuhusu mavazi na mapambo. Baadhi yao walikuwa matajiri wenye kumiliki mali yao wenyewe na kuhudhuria karamu za arusi. Atanasi wa Aleksandria naye anasimulia kwamba Antoni wa Misri, kabla ya kujitenga ili aishi maisha ya upweke, alimwacha dada yake mdogo mikononi mwa mabikira waaminifu aliowafahamu. Kwa hiyo, mabikira walikuwapo Misri kabla ya umonaki aliousifika nao Antoni kuenea.

Huko Roma, Agnesi, Sesilia, Lusia na Agatha walikumbukwa kwa heshima kubwa hata majina yao yakaingizwa katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza, ambayo husomwa hadi leo. Katika karne ya 4, Papa Liberio alimvisha shela Marselina, dada ya Ambrosi, katika Kanisa la Mtakatifu Petro. Ambrosi alipokuwa Askofu wa Milano, aliandika kitabu kuhusu mabikira akimkusudia dada yake huyo. Marselina hakuwa ameingia monasteri, aliishi nyumbani.

Kadiri monasteri zilivyoenea, ndivyo desturi ya mabikira wa majumbani ilivyofifia. Katika Zama za Kati ibada hiyo ilibakia kwa wamonaki wa kike pekee. Wanawake wachache walipojaribu kuirejea mwanzoni mwa karne ya 20, Vatikani ilitoa jibu mwaka 1927 la kuwazuia maaskofu wasiwaweke wakfu mabikira wanaoishi ulimwenguni. Mlango ulifunguliwa tena na Mtaguso wa Pili wa Vatikani, ambao mwaka 1963 uliagiza ibada hiyo ifanyiwe marekebisho. Ibada mpya ilitangazwa tarehe 31 Mei 1970, wakati wa Papa Paulo wa Sita, nayo iliwajumuisha wamonaki wa kike na wanawake wanaoishi ulimwenguni. Mwaka 1983 Kundi la Mabikira liliwekwa katika Kanuni ya 604 ya Sheria za Kanisa, na tarehe 8 Juni 2018 idara ya Vatikani inayosimamia watawa ilitia sahihi waraka wa kwanza ulioshughulikia suala hili kwa mapana, uitwao Ecclesiae Sponsae Imago. Wakati huo Vatikani ilikadiria kwamba mabikira hao walikuwa zaidi ya 5,000 duniani.

Ibada Yenyewe

Ibada ya kuwaweka wakfu mabikira huongozwa na askofu wa jimbo ndani ya Misa. Mteule huitwa, naye huitikia mwito huo na kusogea. Baada ya mahubiri askofu humwuliza maswali kuhusu nia yake ya kudumu katika ubikira hadi mwisho wa maisha, kumfuata Kristo kwa roho ya Injili na kukubali kuwekwa wakfu. Kisha Litania ya Watakatifu huimbwa. Mwanamke anayeishi ulimwenguni huweka mikono yake katika mikono ya askofu na kutamka azimio lake. Baada ya hapo huja sala ya kuweka wakfu, ambayo kiini chake ni cha kale mno na huhusishwa na Papa Leo Mkuu. Mwishowe hupewa alama zake: pete, kitabu cha Liturujia ya Vipindi na, pale inapofaa, shela.

Mpangilio huu una mantiki. Alama zinakuja baada ya sala, na sala inakuja baada ya ridhaa. Pete na shela ni alama za bibi arusi, kwani Kanisa humtazama bikira kama mchumba wa Kristo na kielelezo cha Kanisa lenyewe. Kitabu cha sala ni alama ya kazi: bikira huliombea Kanisa na ulimwengu, hasa kwa masifu ya asubuhi na ya jioni. Wala ibada hii si sakramenti. Ni miongoni mwa visakramenti, ila athari yake ni ya kudumu. Askofu anaweza kumwondolea mtu majukumu yake kwa sababu nzito, lakini hakuna anayewekwa wakfu kwa majaribio au kwa kipindi cha miaka michache.

Upambanuzi

Kwa kuwa wakfu hupokewa, haitoshi mwanamke kujiamulia kwamba ameitwa. Upambanuzi wa wito huu hufanywa na pande mbili. Mwanamke hujichunguza mbele ya Mungu akisaidiwa na mlezi wa kiroho. Kanisa nalo humchunguza kupitia askofu na wale anaowateua, na neno la mwisho kuhusu kumpokea ni la askofu wa jimbo. Ikumbukwe kwamba bikira hana mama mkuu baina yake na askofu. Asiyejulikana na Kanisa la mahali anapoishi hawezi kupambanuliwa na Kanisa hilo.

Masharti ya msingi ya ibada ya 1970 kwa wanawake wanaoishi ulimwenguni ni matatu. Kwanza, mteule asiwe amewahi kufunga ndoa wala kuishi hadharani katika hali iliyo kinyume na usafi wa moyo. Pili, umri wake, busara yake na mwenendo wake unaoshuhudiwa na watu viwe vinatoa matumaini kwamba atadumu. Tatu, awe amekubaliwa na askofu. Waraka wa 2018 unaongeza hatua za malezi. Kipindi cha kujitayarisha hakianzi kabla ya miaka 18, nacho kwa kawaida huchukua mwaka mmoja au miwili. Malezi yenyewe hufuata, na inapendekezwa yasipungue miaka miwili au mitatu. Kwa kawaida mwanamke hawekwi wakfu kabla ya kutimiza miaka 25.

Hapa ndipo maana ya mwali inaporejea. Mwali hafundwi kwa siku moja, wala hajifundi mwenyewe. Katika miaka hiyo mteule hujifunza Maandiko, liturujia na historia ya wito wake, lakini zaidi ya hayo huangaliwa jinsi anavyoishi. Je, anajifahamu jinsi alivyo? Je, anahusiana vyema na wanaume na wanawake? Je, ana kazi ya kumkimu? Suala la kazi si dogo, kwani bikira hujitegemea. Anaweza kuwa mwalimu, muuguzi, mkulima au karani. Hulipa kodi ya nyumba na kuwasaidia wazazi wake kama watu wengine. Anayeutamani wito huu ili apate mahali pa kula na kulala amekosea njia.

Swali gumu zaidi linahusu ndoa. Chukulia mwalimu wa shule ya upili mwenye umri wa miaka 30 ambaye uchumba wake umevunjika, na ambaye kila anapokwenda nyumbani kwa sikukuu huulizwa ataleta mkwe lini. Anaposikia kuhusu Kundi la Mabikira, moyo wake unatulia. Je, utulivu huo ni ishara ya wito au ni nafuu ya kupata jibu la kuwapa jamaa zake? Mlezi mwenye busara hatalijibu swali hilo haraka. Huenda akamshauri angoje hadi jeraha lipone, kisha atazame kama mvuto ungalipo. Miongoni mwa mambo yanayotarajiwa kwa mteule ni kuitambua thamani ya ndoa na uzazi. Anayewachukia wanaume, au anayeiona ndoa kama uchafu, hana anachokiacha, na kwa hiyo hana anachokitoa. Kwa upande mwingine, majonzi ya kutozaa si ithibati kwamba mtu hakuitwa. Katika jamii nyingi za Kenya mtoto hubeba jina la babu au bibi na kuuendeleza ukoo. Mwanamke anayekubali kutozaa hugusa jambo ambalo si lake pekee. Upambanuzi wa kweli humpa nafasi ya kulitaja jambo hilo, kulililia ikibidi, na kuzungumza na wazazi wake kabla siku ya ibada haijafika.

Suala la Mwili

Waraka wa 2018 ulizua mjadala. Katika aya yake ya 88 unaeleza kwamba wito huu hauwezi kufungwa katika alama ya ukamilifu wa mwili pekee. Waraka unaendelea kusema kwamba kuwa na historia ya kujizuia kikamilifu, au ya kuishi usafi wa moyo kwa namna ya kupigiwa mfano, ni jambo lenye umuhimu mkubwa katika upambanuzi, lakini si sharti ambalo bila hilo mtu hawezi kupokewa. Chama cha mabikira waliowekwa wakfu cha Marekani kilieleza masikitiko yake hadharani, kikihofia kwamba neno bikira lingepoteza maana. Wengine waliupokea waraka huo kwa shukrani, hasa wakiwafikiria wanawake waliobakwa na wale walioongoka baada ya makosa ya ujanani.

Pande zote mbili zina hoja. Wale wa kwanza wanatetea ukweli wa alama: pete inayosema jambo ambalo maisha hayalisemi ni alama tupu. Wale wa pili wanatetea heshima ya mtu, kwani ni dhuluma kumhesabia mwanamke kosa la aliyemtendea ukatili. Mjadala huu unaonyesha hatari ya kulisoma neno bikira kwa maana moja tu, ile ya mwili. Paulo, katika sura iliyotajwa, anamzungumzia mwanamke anayejishughulisha na mambo ya Bwana, mwili na roho. Mwili umo, lakini hauko peke yake. Ndiyo sababu waraka haukutoa kanuni ya jumla ya kumpokea au kumkataa mtu. Ulimwachia askofu jukumu la kuutazama wito wa kila mmoja kwa busara.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba ubikira wa kuwekwa wakfu ni wito wa kale wenye mizizi barani Afrika, uliofifia kwa karne nyingi na kurejeshwa mwaka 1970. Imebainika kwamba unatofautiana na utawa kwa jumuiya, kwa mamlaka na hasa kwa tendo lenyewe: mtawa huweka nadhiri, bikira hutamka azimio kisha huwekwa wakfu. Tofauti hiyo ina matokeo katika upambanuzi. Mwenye kupima nadhiri hujiuliza kama ataweza kuitimiza ahadi yake. Anayepima wito huu hujiuliza hilo pia, lakini anatanguliza swali jingine: je, kuna anayemwita, na je, Kanisa linausikia mwito huo pamoja naye? Asipopata jibu hana budi kungoja, na kungoja huko si aibu. Wanawali wa Injili hawakulaumiwa kwa kungoja muda mrefu, wala kwa kusinzia. Watano walilaumiwa kwa kutochukua mafuta.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, mada hii inadokeza pia kazi iliyobaki. Kanisa linazungumza na mamilioni ya watu kwa Kiswahili, lakini istilahi za wito huu bado hazijatulia, na mara nyingi bikira aliyewekwa wakfu huitwa sista tu kwa kukosa jina jingine. Maneno yanayohitajika yamo tayari katika lugha, tangu wakfu wa pwani hadi mwali wa kungwi. Msichana anayetafuta njia yake atasaidika zaidi akiisikia njia hiyo ikitajwa kwa jina lake.